Vidole Vitatu Chini ya Goti

Ijumaa, tarehe 28 Machi, Bi Ishbel Rankine anastaafu baada ya miaka thelathini na minane kwenye kaunta ya soksi ya duka letu la kilti hapa Crieff, Uskoti. Meneja aliniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nimejaribu.

Kaunta hiyo aliyopewa hakuna aliyeitaka. Wanaume hununua kilti, sketi yao ya sherehe, kwa mbwembwe, hubishania rangi za ukoo wao wiki nzima, kisha soksi wanaokota zozote wakielekea mlangoni. Bi Ishbel aliikomesha tabia hiyo. Sheria yake ilikuwa moja: ukunjo wa juu ukae vidole vitatu chini ya pia ya goti, na usiteremke mpaka mwenyewe arudi nyumbani. Zile tepe nyekundu zinazochungulia chini ya ukunjo, alisema, ni pambo tu. Soksi inayohitaji kufungwa kwa mpira ndipo isimame, aliiona ni fedheha ya aliyeifuma.

Ulimi wake mnaujua. Bwana harusi aliyeng'ang'ania soksi nyeupe aliulizwa, "Mwanangu, unakwenda kuoa au umefungwa plasta miguu yote miwili?" Alitoka na za kijani. Jaji mmoja alizivuta zake zikafunika magoti. "Mheshimiwa," Bi Ishbel akamwambia mbele ya mkewe, "leo unadaka penalti?" Jaji alikuwa mteja wetu mpaka alipofariki.

Na alipofariki, Bi Ishbel alikwenda kumvalisha. Alifanya hivyo kwa wengi, kwa kuwa familia hupeleka kilti ya marehemu bila soksi, miguu haionekani jenezani. Petrie, mwenye nyumba ya mazishi, alimuuliza, "Bi Ishbel, nani atachungulia huko chini?"

"Nimeshachungulia mimi. Shika kisigino."

Oktoba ya mwaka juzi mumewe, Murdo, alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu, na daktari hakuwaficha. Murdo hakuwahi kufumiwa soksi na mkewe, za wateja zilitangulia siku zote. Sasa aliomba jozi moja tu, azikwe nayo.

Bi Ishbel alimpima shavu la mguu kitandani: inchi kumi na tano. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimeshaanza kuvimba na kupinda kwenye viungo, lakini alifuma. Alipofika kwenye ukunjo alimpima tena: kumi na tatu. Akafumua zote. Kabla ya Krismasi alikuta kumi na mbili. Akafumua tena, hapo kaunta, wateja wakimtazama.

Nilimwambia aache, mpira utazishika.

"Netta, simfungi mume wangu kama gunia la viazi!"

Nilinuna, sikumsemesha siku mbili. Alikuwa akishindana na ugonjwa kwa sindano za kufumia, nami niliona ukaidi tu. Mpaka leo naona aibu.

Murdo alifariki Januari. Soksi ya pili ilimalizika asubuhi ya kumvalisha, na Bi Ishbel akaniomba nimsindikize kwa Petrie. Alizivuta taratibu, akakunja juu. Zilipwaya. Mguu ulikuwa umebaki mfupa. Alitaka kupima chini ya goti, lakini vidole vyake havikunyooka, akajaribu mkono wa pili, navyo vikakataa.

"Nipe mkono wako," alisema.

Niliweka vidole vyangu vitatu. Zilikuwa zimekaa mahali pake, ila nilipoondoa mkono zikaanza kushuka. Ndipo alipotia mkono mfukoni, akatoa mipira miwili. Alikuja nayo kutoka nyumbani.

"Funga wewe. Usimkaze sana."

Nikafunga. Hajashika tena sindano tangu siku ile, na kwa mwaka mzima mteja akija yeye huelekeza na mimi hupima.

Bi Ishbel, asante kwa miaka yote, na kwa miguu yote ya mji huu uliyoisitiri. Tunakuombea asubuhi za kuamka kwa kuchelewa, na mikono isiyouma. Kaunta nimeachiwa mimi. Vidole vyangu ni vinene kuliko vyako, kwa hiyo kuanzia Jumatatu soksi za Crieff zitakaa chini kidogo. Ukituona barabarani, utusamehe.

Netta Cargill, meza ya kukatia