Simu Iliyoegemea Kopo la Grisi

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni rimu ya baiskeli iliyokwisha kazi. Limebanwa ukutani mwa kibanda cha Fundi Baiskeli, na ukitaka kukaa ukingoni lazima umjulishe jirani, la sivyo akinyanyuka unajikuta chini. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Sisemi sana, maana anayemimina akianza kuropoka watu wanaungua magoti, lakini masikio ninayo. Kila siku mbele ya benchi huwa pana kopo la grisi, na simu ya Fundi imeegemea kopo hilo, inacheza video. Fundi mikono yake ni grisi tupu toka asubuhi, kwa hiyo haigusi. Anasema tu, "Hebu niwekee mpira," na aliye karibu anabonyeza. Lakini asubuhi ile kopo lilikuwa peke yake.

— Simu iko wapi? — akauliza Nyundo, fundi wa kuchomelea vyuma, jitu lenye mabega ya kuziba mlango.

— Anayo mke wangu.

— Ya kwake imeharibika?

— Imeharibika nyumba.

Tukasogea. Fundi akatueleza huku akizungusha spana isiyofungua kitu. Jana ilikuwa siku ya mapumziko, simu ikabaki nyumbani. Mkewe ni mshonaji, akaichukua atafute namna ya kukata kola ya mviringo. Chakula kinakaribia kupakuliwa, simu ikalia ting, ikaandika yenyewe: "Huu ndio wakati wako wa kila siku. Endelea na sehemu ya kumi na mbili: Kuishi Baada ya Ndoa Kuvunjika." Mkewe akaisoma kwa sauti, polepole, mara mbili. Kisha akapakua chakula na kukaa ncha ya pili ya meza.

— Ukamwambia nini? — nikauliza.

— Nikamwambia ni simu tu. Akasema simu haiwezi kufika sehemu ya kumi na mbili bila mtu kutazama kumi na moja.

Hapo hakuna aliyembishia.

— Amefunika cherehani, — Fundi akaendelea, sauti imeshuka. — Miaka kumi na minane, cherehani ile haifunikwi ila akisafiri. Na sanduku liko mlangoni. Anakuja hapa asubuhi hii na simu yake, yaani yangu, nimweleze. Nisipoeleza kikaeleweka, anakwenda kwao.

Mngetegemea marafiki wangeanza kumpa pole. Kijiwe chetu hakina adabu hiyo. Nyundo alikuwa wa kwanza na maelezo yake: simu inasikia. Siku moja alilalamika jino hapo hapo kwenye benchi, na kabla kahawa haijapoa simu ikaleta video ya daktari wa meno. Kwa hiyo, akasema, Fundi lazima alimnung'unikia mkewe mbele ya simu, nayo ikaamua kumsaidia.

— Sijamnung'unikia.

— Hata kidogo? Hata chumvi?

— Chumvi kidogo, — akakiri Fundi.

— Umeona. Imeshakutafutia pa kuanzia.

Mzee Mstaafu, aliyekuwa karani wa mahakama na bado anavaa tai kuja kukaa kwenye benchi la rimu, akakohoa kama anayeomba hakimu anyamazishe watu. Yeye hakubali habari za kusikia. Simu, alituarifu, inapima kidole. Mtu mwenye furaha hubonyeza upesi, mwenye huzuni hubonyeza na kuganda. Ikishapima siku kadhaa inajua hali ya nyumba yako kuliko mjumbe wa mtaa.

— Lakini kidole changu kina grisi, mzee.

— Basi imekuona mzito.

Redio akacheka mpaka funguo zikalia kiunoni. Redio ni mchonga funguo. Ubao wake wa kufuli umepakana na kibanda cha Fundi, na jina alipewa kwa sababu anawashwa asubuhi na hazimwi. Tangu tuanze alikuwa anatamani zamu yake ifike.

— Nyie mnazungumza kama watu wa jana, — akasema. — Kuna mtambo mmoja mkubwa, unawapanga watu wote mafungu mafungu. Sasa kuna Fundi mwingine, nchi nyingine, ana umri huo huo, ana kibanda hicho hicho, anapenda mpira huo huo. Tofauti ni moja, yule mkewe kaondoka. Mtambo umechanganya. Video za yule zinamjia huyu.

— Na mpira wa huyu unakwenda kwa yule? — akauliza Nyundo.

— Usiku na mchana. Ndiyo maana mke wa yule alichoka.

Alipoona tunamsikiliza akaongeza petroli. Mtambo, alisema, haukosei bure. Unakisia mwakani utakuwa nani, halafu unakuletea video za mwakani mapema ili uzizoee. Mzee Mstaafu akauliza kama yeye ana video za mwakani. Redio akasema zake zimekatika, asiulize zaidi. Tukacheka sote, isipokuwa Fundi, ambaye alikuwa anatazama njia ya kutoka nyumbani kwake.

Nilimhurumia kweli. Mtu hajui kugusa hata simu yake mwenyewe, anakaribia kuachwa kwa sababu ya vidole. Neno hilo vidole ndilo lililonizindua.

— Jamani, — nikasema, birika nimelishika juu, — ile simu hapa kijiweni inaguswa na nani?

Kila mtu akaangalia kidole chake.

Nikaona nianze mimi, maana mwenye wazo ndiye anayetupiwa. Nikaungama kwamba Fundi akichuchumaa kwenye matairi, mimi hutazama watu wanaochora majani juu ya kahawa kwa maziwa. Kuna mmoja anachora ndege mwenye mkia. Nyundo akanitazama kama nimeivunjia heshima kahawa yenyewe, halafu akavua kofia na kusema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, kwamba yeye hutazama kufuma. Binti yake anatarajia mtoto. Ameshamaliza soksi moja.

— Soksi? — akauliza Redio.

— Mguu wa kushoto.

Mzee Mstaafu akalegeza tai. Miaka thelathini mahakamani, alisema, alikaa akiwatazama watu wakibishana bila mmoja kumpiga mwenzake. Sasa anatazama mieleka. Anapenda hasa pale mtu anaponyanyuliwa na kiti chake.

— Na wewe Redio?

— Mimi habari tu. Dunia inakwendaje.

Ndipo mke wa Fundi akatokea kwenye kona, futi ya kupimia bado iko shingoni, simu ameikamata kama mtu aliyebeba yai la watu. Akatusalimia mmoja mmoja, vizuri kabisa, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Fundi akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, grisi ikabaki pale pale.

Mzee Mstaafu akaichukua kesi ya Fundi. Akamweleza shemeji kwamba simu ni ya mumewe lakini vidole ni vya kijiwe kizima, na ushahidi upo kwenye kioo chenyewe, akitaka akague: hakuna alama hata moja ya grisi. Mama yule akaigeuza simu juani, akaitazama pembe zote kama anayetafuta mshono uliofumuka. Kioo kilikuwa safi.

— Sawa, — akasema. — Basi nitasoma, na mwenye chake aseme.

Kumbe usiku alikuwa amejifunza mahali simu inapoweka orodha ya yote yaliyotazamwa, siku kwa siku. Akaanza. Mieleka ya wanaume wanene. Mzee Mstaafu akasimama kabisa, akasema ni yake. Kuchora ndege kwenye kahawa. Nikanyanyua birika. Kufuma kisigino cha soksi ya mtoto mchanga. Nyundo akainua mkono wenye makovu ya cheche.

— Kisigino kimekushinda, shemeji?

— Kinajikunja kwa ndani.

— Niletee nikuonyeshe.

Niliona Fundi ameanza kupumua. Hata mkewe uso ulikuwa umelainika, na kwenye soka alimtupia jicho mumewe la kumjua. Halafu akafika kwenye ile.

— Kuishi Baada ya Ndoa Kuvunjika, sehemu ya kwanza, — akasoma.

Hakuna mkono.

— Sehemu ya pili. Namna ya kulala peke yako kwenye kitanda cha watu wawili.

Hakuna mkono. Akaendelea kusoma mpaka ya tano, ya sita, na kila alivyosoma uso ulizidi kukaza, na Fundi alizidi kufifia pembeni ya tairi. Kwenye ya saba akasita. Akarudi juu, akashuka tena, kidole kinafuata pembeni ya kioo.

— Saa saba na dakika kumi, — akasema. — Saa saba na dakika tano. Saa saba na robo. Zote saa saba mchana. Jana nilisoma maneno, saa sikuiangalia.

Akamtazama mumewe.

— Saa saba wewe uko mezani kwangu.

— Kila siku, — akasema Fundi.

— Simu unaiacha hapa.

— Naiacha.

Kesi ilikuwa imekwisha. Fundi ameokoka, sanduku lirudi uvunguni. Lakini mama yule akainua macho na kuuliza swali ambalo hata mpita njia angelijibu:

— Sasa saa saba nani anabaki hapa kibandani?

Nyundo akavaa kofia yake. Mzee Mstaafu akakaza tai ambayo ilikuwa imekaa sawa. Mimi nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Fundi akasema kwamba hapa wanapita watu wengi, huwezi kujua.

Redio alikuwa ameshika tupa, anasugua ufunguo aliokwisha kuumaliza tangu asubuhi. Sikuwahi kuisikia sauti ya tupa yake, kwa sababu maneno yake huwa yanaifunika. Alituambia mkewe amekwenda kumuuguza mama, atarudi wiki ijayo. Alituambia hivyo wakati wa mvua, na sasa njia ilikuwa vumbi. Tumekaa naye hapo kila siku, tumebishana naye kuhusu mitambo ya dunia nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza wiki ijayo ipi. Niliona aibu.

Mke wa Fundi hakurudia swali. Akaiweka simu mahali pake, akaiegemeza kwenye kopo la grisi.

— Naenda kufunua cherehani, nina kola ya mtu, — akamwambia mumewe. Kisha, bila kubadilisha sauti: — Shemeji Redio, leo saa saba mnakuja wawili. Na kesho. Sipendi mtu mmoja ale huku ananilalamikia chumvi.

Redio akaendelea kusugua kidogo.

— Nani atabaki kulinda kibanda, shemeji?

Yule mama akautazama ubao wake, ambapo kufuli zimening'inia safu kwa safu, kubwa kwa ndogo, mpya zote.

— Chagua moja, — akasema.

Kahawa iliisha mapema siku hiyo. Saa saba kasoro niliwaona wakiondoka pamoja, Fundi ananuka sabuni, Redio kimya, funguo tu zinalia kiunoni, na mlangoni mwa kibanda kumefungwa kufuli kubwa kuliko kibanda chenyewe. Nikabaki kwenye benchi nasuuza vikombe. Punde nikaisikia simu ndani, ting, inamwita mtu wake wa kila siku. Ikasubiri kidogo, ikaita tena.