Chama cha Waridi na Kiti Kimoja cha London

Benchi letu liko ng'ambo ya barabara kutoka ofisi ya Ratilal, wakala wa tiketi za ndege hapa Nakuru. Ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, na wa kulia akinyanyuka bila kuonya wenzake, wa kushoto anaanguka. Wazee wamelikalia tangu Uhuru. Mimi nilipata nafasi likizo ya mwaka jana, nilipouliza mbona hakuna mwanamke anayekaa hapo na wakasogea. Tangu siku hiyo wananiita Wakili, ingawa jina langu ni Wachuka. Kuna Thuo, anaitwa Profesa kwa sababu husoma kila gazeti linalofungiwa nyama. Kuna Joginder, yaani Giabox, dereva wa lori la mbao za Elburgon. Kuna Kosgei, dalali wa viazi vya Kuresoi, ambaye huongea kama ametoka kwenye kikao cha mawaziri sasa hivi, basi tunamwita Waziri. Na kuna muuza kahawa mwenye birika, jina lake Wangu, ambaye akisema imekwisha, kikao kimekwisha.

Jumatatu Ratilal alivuka barabara akitikisa kichwa kabla hajafika.

Ratilal: Wachuka, nimeuliza Nairobi tena. Bei ni ile ile.

Nimepata nafasi ya kusomea sheria London. Karo wamelipa wafadhili. Nauli hawakuitaja, nadhani walifikiri nitaogelea. Chuo kinafunguliwa Septemba, na tiketi ya kawaida ingemaliza ng'ombe wote wa baba kule Bahati, na bado ningeteremshwa Khartoum.

Mimi: Huu ni uonevu! Hiyo ndege itaenda London nikiwemo, itaenda nisipokuwemo. Nikikalia kiti kitupu nimemwibia nani?

Ratilal: Hiyo mwambie rubani, mimi hapana.

Giabox: Ngoja kwanza. Mimi nimebeba mbao kutoka Elburgon tangu ndevu hizi zikiwa nyeusi. Hizo maili zote zimeenda wapi? Nimeshazunguka dunia, nikarudi, nikaizunguka tena! Kampuni ya ndege ichukue maili zangu, impe huyu msichana safari moja.

Waziri: Maili za lori, bana! Za ndege ni zingine.

Giabox: Maili ni maili. Tena zangu ni za matope, ziko na uzito.

Ratilal alicheka mpaka akashika nguzo ya stima.

Ratilal: Joginder, hakuna kampuni dunia hii itampa mtu safari ya bure ati kwa sababu amesafiri sana. Ingefungwa kabla ya chakula cha mchana!

Tukamcheka Giabox sote. Hata mimi nilicheka, na hizo maili nilikuwa nazihitaji kuliko mtu yeyote.

Profesa: Nyinyi hamjasoma. Dunia inazunguka, ndiyo ama siyo? Basi ndege ipae hapo juu ya mlima Menengai, isimame, ingoje London ifike chini yake. Hiyo pesa ya mafuta wanaitoza ya nini?

Waziri: Na London ikipita kabla hawajashuka?

Profesa: Wanangoja izunguke tena. Haraka ya nini?

Waziri: Mimi naona mambo rahisi. Viazi husafiri kwa uzito. Tumpime Wakili, tumfunge kwenye gunia vizuri, tuandike mbegu.

Mimi: Mimi si kiazi, Mzee Kosgei!

Waziri: Kiazi mtu anakula. Mbegu wanaitunza mpaka ifike.

Hapo Ratilal akatuonea huruma. Akakaa ukingoni mwa benchi, akatueleza kwamba iko ndege ya kukodi inayoondoka Agosti. Vyama vinaikodi nzima, na kila mwanachama analipa kidogo, ndama mmoja tu wa baba. Sheria ni mbili. Chama kiwe kimeanzishwa kwa kazi yake yenyewe, si kwa ajili ya kusafiri. Na msafiri awe mwanachama kwa zaidi ya miezi sita. Kesho bwana mmoja angekuja kutoka Nairobi kukagua vyama vya Nakuru.

Ratilal: Kiti kimebaki kimoja. Wewe uko katika chama gani?

Mimi: Hakuna.

Ratilal: Fikiria vizuri.

Akarudi ofisini. Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo akili yangu ya chuo kikuu ilipofanya kazi. Waziri alipendekeza chama cha viazi. Giabox alitaka chama cha breki. Mimi nikasimama (wa kushoto akaanguka, alikuwa Profesa) nikatoa hoja kwamba Mwingereza hupenda waridi kuliko ndugu zake, kwa hivyo sisi ni Chama cha Wakuza Waridi, kimeanzishwa mwaka jana. Walinipinga. Niliwajibu mmoja mmoja, nikawashinda wote. Profesa, akijipangusa vumbi, akaapa kuleta waridi lenyewe.

Asubuhi alileta kijiti kimoja chenye miiba ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo. Tukaliweka katikati ya benchi na sisi tukajibana pembeni.

Mgeni alifika na Volkswagen ya kijivu. Jina lake Khaemba, kijana mwenye tai na sauti ya upole. Aliangalia kopo. Akainama. Akaliangalia tena.

Khaemba: Habari zenu, wazee. Habari, dada. Hii miiba mbona inatazama juu?

Giabox: Inatafuta jua.

Khaemba: Nauliza kwa sababu naona mmelipanda kichwa chini.

Profesa: Hiyo ndiyo mbinu yetu. Mizizi inapata hewa.

Waziri: Chama kinafanya utafiti, Bwana Khaemba. Siwezi kusema zaidi.

Khaemba hakucheka. Laiti angecheka! Alivuta kreti ya soda akakaa mbele yetu, akanitazama mimi.

Khaemba: Ratilal ameniambia habari yako, dada, na ningependa upate hicho kiti. Tuliache waridi. Hapa mnakutana kila siku?

Wote: Kila siku!

Khaemba: Tangu lini?

Waziri: Sisi tangu Uhuru. Huyu tangu mwaka jana, na hata akienda Nairobi kusoma, kila likizo yuko hapa.

Khaemba: Vizuri sana. Hiyo ni zaidi ya miezi sita. Sasa niambieni tu ukweli. Mkikutana hapa, huwa mnafanya nini?

Sijawahi kusikia benchi lile likinyamaza. Nilisikia makaa ya Wangu yakilia chini ya birika. Giabox alitazama viatu vyake. Kisha wote wakanigeukia mimi, mimi niliyeleta kombe la mdahalo kutoka chuoni nikalionyesha mtaa mzima.

Mimi: Tunakuza waridi.

Khaemba alitikisa kichwa pole pole. Akanipa mkono, akawapa wazee mkono, akarudi kwenye gari.

Waziri: Swali rahisi namna ile! Si ungesema tunapumzika?

Mimi: Kupumzika ni chama?

Profesa: Kosa ni la Giabox. Ati jua!

Giabox: Nani alipanda mti matako juu?

Mimi: Mnielewe! Kwanza, hoja ya waridi ilipitishwa na wote. Pili, mzee Kosgei hakuipinga kwa sababu yoyote ya maana. Tatu...

Kidole cha tatu kikabaki hewani. Niliisikia sauti yangu. Niliona vidole vyangu, nikamwona Profesa amesimama kunipinga, Waziri ameinua mkono kuomba nafasi ya kuongea, kama jana, kama kila siku tangu Uhuru.

Mimi: Mdahalo! Wazee, sisi ni chama cha mdahalo!

Nikakimbia. Nilikimbia mpaka karibu na stesheni ya reli nikipiga kelele, na watu wakapisha njia wakidhani nafukuza mwizi. Volkswagen ilikuwa imeshaingia barabara ya Nairobi. Niliporudi nikihema, Ratilal alikuwa amesimama mlangoni pake.

Ratilal: Kabla yenu alikagua chama cha darts, wale wa kurusha vishale. Kiti wamechukua wao.

Nikaketi. Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Giabox: Binti, andika barua London. Omba wakungoje mwaka mmoja. Ndege ya mwaka ujao itatukuta tayari tuna chama.

Mimi: Na chama kianze kuhesabiwa lini? Leo, ama tangu nilipokaa hapa mara ya kwanza?

Profesa: Leo.

Waziri: Tangu Uhuru, bana! Na mwenyekiti ni mimi.

Giabox: Nani amekuchagua?

Mimi: Naipinga hoja hiyo! Kwanza...

Wangu akageuza birika juu chini, likatoa tone moja.

Wangu: Imekwisha.