Shika, Achia: Maisha ya Fundi wa Kinanda cha Kanisa la Chuo

Marehemu baba yetu, ambaye chuo kizima kilimwita Fundi Kinanda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, kisha akajifunza useremala katika chuo cha ufundi. Walimu walimlalamikia kwa kugonga kila ubao na kuutegea sikio kabla ya kuukata.

Mwaka 1973 aliajiriwa na chuo kikuu kutengeneza mabenchi ya kanisa. Humo alikuta kinanda kikubwa, chenye mabomba elfu moja mia mbili na manne, kimekaa bubu miaka sita. Panya walikuwa wametafuna ngozi ya mivukuto inayokipa upepo. Wakubwa walitaka kivunjwe. Aliomba miezi mitatu, akatumia minane, kikaimba.

Kusawazisha sauti ni kazi ya wawili: mmoja hujibana ndani katikati ya mabomba, mwenzake hukaa nje akibonyeza vibonye. Wa ndani huita "Shika!" na, sauti ikikaa sawa, "Achia!" Siku moja mwaka 1977 mwenzake alitoka bila kuaga. Baba, asijue, akaita, "Shika!" Binti aliyekuwa akifagia kanisa alitazama huku na huku, hakuona mtu, akakamata ufagio kwa mikono miwili. Alisimama hivyo hivyo mpaka baba alipotoka, vumbi tupu, kuuliza kulikoni.

Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978. Tangu hapo mama ndiye aliyeshika vibonye. Mkoba wake wa ngozi uliopotea mwaka 1984 ndio kiraka cha mvukuto mkubwa hadi leo. Baba alilikiri hilo juzijuzi tu.

Januari 2023 madaktari walisema mapafu yake yamechoka kwa vumbi. Ilituuma sana kumwona aliyekipa kinanda pumzi akizitafuta zake mwenyewe.

Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mama alikuwa amemshika mkono hospitalini. Baba akafumbua macho, akasema kwa shida, "Achia, mama watoto." Mama hakuachia. Kwa miaka arobaini na sita hakuwahi kulikaidi neno hilo. Alishika mpaka muuguzi alipomwomba.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na kinanda ambacho bomba moja tu bado halijakaa sawa. Mama ameomba neno la mwisho lichapwe kama alivyolisema mwenyewe:

"Nimeachia, baba watoto. Pumzika kwa amani."