Bi Hoja, Aliyeturudisha Sote Darasa la Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhariri wetu mkuu wa vitabu vya Uraia anastaafu. Jina lake la kwenye hati ya mshahara wanalijua watu wawili tu, mhasibu na yeye mwenyewe. Sisi wengine, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Bi Hoja, na hata barua ya kumruhusu kustaafu ilikuja kwanza na jina hilo, ikabidi irudi ikachapwe upya.

Jina hilo alilipata kihalali. Katika kikao chake cha kwanza cha wahariri, bwana mmoja mwenye tai alisema kwamba mtoto wa miaka tisa hawezi kuuliza serikali inatoka wapi. Mgeni yule akanyoosha penseli juu na kusema, "Hoja!" Kisha akaeleza kwamba wiki moja tu iliyopita alikuwa bado anafundisha darasa la nne, na kwamba mtoto wa miaka tisa huuliza serikali inatoka wapi, inalala wapi, na ikifa nani anaizika. Kikao kikaangua kicheko, mwenye tai akailegeza tai yake, na penseli ile haijashuka hadi leo.

Kwa wasomaji wa jarida hili walio ghalani, kwenye mauzo na usafirishaji, ambao huenda wanadhani kitabu cha Uraia hujiandika chenyewe, ni vyema nikaeleza kidogo. Kitabu cha Hisabati kina bahati yake, kwa kuwa mbili na mbili hazigombani na mtu. Sayansi nayo, chura ni chura. Lakini Uraia unamfundisha mtoto mambo ambayo watu wazima wenyewe bado wanavutana nayo: nani aamue, kwa nini tumtii, na tufanye nini akikosea. Ukiyaandika kwa ukali, mtoto anaogopa. Ukiyapamba mno, siku atakapotoka nje na kuona mambo yalivyo, atakuita mwongo. Na ukiyaandika kwa lugha ya vikao vya watu wazima, analala kabla ya nukta ya kwanza. Bi Hoja aliipenda kazi hii kama wengine wanavyopenda mpira, yaani kwa kelele.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: hakuna sura itakayokwenda kwa mchapaji kabla sisi wenyewe hatujaiishi. Hakuwa anatania. Sura ya sheria ilipokuwa mezani, tulitunga sheria ya vikombe, kwamba kila mtu aoshe chake. Wa kwanza kuivunja alikuwa mkurugenzi. Alishtakiwa mbele ya mahakama iliyokaa kwenye chumba cha fotokopi, hakimu akiwa dereva. Mkurugenzi alijitetea kwa ufasaha mkubwa, akapatikana na hatia, akaosha vikombe vya ghorofa nzima huku amekunja mikono ya shati. Sura ikaongezewa aya ambayo haikuwamo: kwamba sheria haimjui mkubwa. Sura ya kodi ilipofika, kila mnywa chai alitoa kijiko cha sukari kwa hazina ya ofisi. Hazina ikavamiwa na sisimizi, na ndiyo sababu watoto wanasoma leo, kwa maneno matamu kabisa, kwa nini mali ya umma inahitaji mlinzi na mkaguzi.

Wageni walituona vichaa. Mpangaji kurasa wetu aliporudi nyumbani jioni moja, mama yake alimwuliza kazi imekwendaje. Akajibu kwamba leo alikuwa Bunge. Mama akamwuliza kama amekula.

Lakini hata mpishi hodari huunguza chungu, na sisi tuliunguza chetu mwaka wa uchaguzi wa dirisha.

Chumba cha wahariri kina dirisha moja kubwa. Likifunguliwa, karatasi zinapeperuka. Likifungwa, watu wanapikika. Ugomvi wa dirisha lile ni mkongwe kuliko samani zetu. Sura ya uchaguzi ilipokuja, Bi Hoja aliona neema: tumchague Msimamizi wa Dirisha kwa kufuata hatua za kitabu, moja baada ya nyingine. Wakajitokeza wagombea wawili, mchoraji na msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa. Kampeni zilikuwa moto. Mchoraji alibandika ukutani picha yake akiwa ameshika komeo kama shujaa aliyeshika upanga. Msahihishaji alipita meza kwa meza akiahidi hewa kwa wote. Kura zilipigwa ndani ya boksi la karatasi za printa, zikahesabiwa hadharani, mchoraji akashinda, vigelegele vikapigwa. Kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa na mchapaji hakauki kwenye simu, kitabu kikaondoka mchana uleule.

Mchoraji akalifunga dirisha. Akalifunga wiki ile, na iliyofuata, na mwezi mzima. Picha zake zikatulia mezani kama maji mtungini, nasi tukawa tunahariri huku tunajipepea kwa kurasa za Jiografia. Tulipomwendea kumwambia sasa yatosha, alifungua kitabu chetu wenyewe, akatusukumia.

"Jamani," akasema, "nionyesheni hatua inayosema niondoke."

Tukatafuta. Kujiandikisha ipo. Kugombea ipo. Kupiga kura, kuhesabu, kutangaza, kuapa, zote zipo. Hata kushangilia kuna hatua yake, na picha juu. Kuondoka haipo! Ofisi nzima ya watu wenye shahada ilikuwa imefundisha namna ya kumweka kiongozi, ikasahau kufundisha namna anavyotoka. Mchoraji alicheka mpaka akadondoka kitini, lakini hata akiwa sakafuni hakukubali dirisha lifunguliwe. Ilibidi tuandike hatua ya kumtoa kwa mkono, pembeni mwa ukurasa, ndipo tukaitisha uchaguzi mwingine. Alipata kura moja, na hata hiyo aliikana.

Vicheko vilipungua simu za shuleni zilipoanza kuingia. Viranja walikuwa wamekisoma kitabu vizuri kuliko sisi. Mwalimu mmoja alisema kiranja wake amekataa kumpisha mwenzake kwa sababu kitabu hakijasema. Mwingine alisema wake amekwisha kumteua mdogo wake wa darasa la pili kuwa makamu. Mzazi mmoja alipiga kuuliza kama ni kweli mwanawe ni kiranja wa maisha, maana nyumbani amegoma kuosha sahani za raia.

Bi Hoja alizipokea simu zote mwenyewe, akicheka na kuomba radhi kwa pumzi moja. Lakini tuliokaa naye karibu tulijua kwamba jambo lile lilimkaa rohoni. Alisema mtoto aliyefundishwa kupanda bila kufundishwa kushuka amepewa nusu ya ngazi, na nusu ya ngazi ndiyo inayovunja watu miguu. Tangu hapo alikuwa na shauku moja tu kubwa kazini, nayo ni kuiandika ile nusu iliyobaki kabla hajaondoka.

Toleo jipya la kitabu cha shule halitoki kila mwaka. Zamu yake ilipofika, Bi Hoja alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa utumishi. Akaandika sehemu mpya yenye kichwa "Zamu Yangu Imekwisha." Ni ukurasa mmoja wenye zoezi moja. Kiongozi anayemaliza muda wake anasimama mbele ya darasa, anasema alichofanya na alichoshindwa, anakabidhi vifaa, kisha anakwenda kuketi na wenzake, nao wanampigia makofi. Basi.

Kamati ya ithibati, ambayo bila muhuri wake kitabu hakiingii darasani, ikaukata ukurasa huo. Ilisema jambo lenyewe ni zito kwa umri ule, ikapendekeza mahali pake achorwe kiongozi mwenye tabasamu akipanda mche wa mti. Bi Hoja akakata rufaa, rufaa nayo ikatupwa. Muhuri usipopatikana kabla ya Juni, yeye angeondoka na kitabu kingebaki na tundu lilelile mpaka toleo jingine, yaani mpaka watoto hao waote ndevu. Wengi tulimshauri aachie. Mkurugenzi alimwambia, "Dada, umepigana vya kutosha. Chukua kiinua mgongo chako ukastarehe." Alijibiwa kwa penseli.

Rufaa ya pili hakuipeleka. Alipeleka mwaliko. Aliwaomba wanakamati waje wakae nyuma ya darasa la nne, katika shule iliyo jirani na ofisi yetu, waone zoezi likifanywa na wenye umri huo. Kwa adabu, au kwa kuwa mwaliko ulitaja chai, walikuja wote, wakajikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

Kiranja aliyekuwa akimaliza muda alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuongozea jeshi. Alisimama akaeleza alichofanya: kelele zimepungua, foleni ya bombani imenyooka. Kisha akafika kwenye alichoshindwa. Akatazama viatu vyake. Mjumbe mmoja wa kamati akamtupia mwenzake jicho la "si tulisema?" Bi Hoja alikuwa ameegemea ukuta, na penseli ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayevuka daraja la kamba.

Binti akainua uso. Akasema alishindwa kugawa zamu za mpira kwa haki. Marafiki zake waliucheza siku za jua, wa madawati ya nyuma wakaupata siku za mvua. Anaomba radhi, na kama kuna wa kumzomea, amzomee sasa hivi kabla hajaketi.

Darasa halikuzomea. Mtoto mmoja wa nyuma kabisa, mwenye matope yake ya siku za mvua, akaanza kupiga makofi, yakaitikiwa mpaka bati likalia. Binti akakabidhi mpira na filimbi, akaenda kuketi nyuma. Hata hajakaa sawasawa, mkono wake ukawa juu, akimwuliza kiranja mpya: "Na sisi wa huku nyuma, leo tunaupata saa ngapi?"

Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye heshima zake, alicheka mpaka akavua miwani. Hapo mtoto wa dawati la jirani akamgeukia kwa adabu zote.

"Shikamoo babu. Na zamu yako wewe inaisha lini?"

Mwalimu wa darasa alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenyekiti akaanza kuhesabu kwa vidole, akamaliza mkono wa kulia, akamaliza wa kushoto, akarudi kwenye gumba la kulia, akaacha. Akasema swali ni zuri sana, na kwamba atalijibu kwa maandishi.

Alilijibu. Muhuri ulikuja mwezi Machi: ukurasa ubaki kama ulivyo, bila kuguswa hata mkato, na mwenyekiti akaongeza kwa mkono wake kwamba huo ndio muhuri wake wa mwisho. Kiongozi mwenye tabasamu amehamishiwa sura ya mazingira, ambako mti wake unahitajika kweli. Siku hiyo Bi Hoja alikimbia kwenye korido, yeye na miwani yake ya kuning'inia, akimkumbatia kila aliyetokea mlangoni, akiwamo fundi wa bomba aliyekuja kwa shughuli zake. Fundi alimpongeza, kisha akauliza ni harusi ya nani.

Bi Hoja anamwachia kiti msahihishaji wa zamani wa prufu, yule wa hewa kwa wote, aliyemlea mwenyewe kwa subira na kwa penseli. Anatuachia pia tabia ambayo sidhani kama tutaipona: hatuwezi tena kusoma tangazo, kanuni wala ahadi bila kujiuliza mtoto wa miaka tisa angesemaje. Na anaacha watu wazima wengi mitaani, wasiomjua kwa sura wala kwa jina, ambao walijifunzia kwake kwamba kuuliza si utovu wa adabu.

Nakala za kwanza za toleo jipya zilitufikia Jumanne. Bi Hoja alipeleka moja nyumbani, kwa mjukuu wake aliye darasa la nne. Jumatano tulimsikia akicheka peke yake tangu getini. Kumbe mjukuu alikisoma usiku huohuo, akakifunga, akamgeukia bibi yake, ambaye ameimiliki rimoti ya televisheni tangu televisheni ilipoingia nyumba ile. Akamwambia, "Bibi, simama. Sema ulichofanya na ulichoshindwa." Mume wa Bi Hoja, ambaye kwa miaka hajaona mechi ikafika mwisho, ndiye aliyetangulia kupiga makofi. Uchaguzi umepangwa Jumapili. Babu mtu amekwisha kuchukua fomu.

Kwa hiyo Bi Hoja anatoka ofisini Ijumaa na kuingia kwenye kampeni Jumamosi. Ahsante, dada yetu, kwa kila sura uliyotulazimisha kuiishi. Tunakuombea afya tele, asubuhi zisizo na prufu, usingizi wa mchana usiokatwa na simu ya mchapaji, na Jumapili kura za kutosha. Zikipungua, ikabidhi rimoti, ukaketi na wananchi kwenye zulia, na uulize kwa sauti zamu yako ni saa ngapi.