Bisibisi, Aliyeifungua Bangili ya Uzima

Marehemu, ambaye sisi sote hapa tulimwita Bisibisi, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1964 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa karani wa ghala na mshonaji wa sare za shule. Mama yetu alizoea kusema kwamba watoto wake wengine walipozaliwa walilia, ila huyu aligomba.

Alipokuwa darasa la pili, baba alinunua saa ya ukutani kwa mchuuzi aliyemwapia kwamba saa ile haitiwi ufunguo milele. Baba akawaalika majirani waje kuishangaa. Chai ikiwa mezani, binti yake akapanda kiti, akaiteremsha, akaigeuza, na kuchomoa betri.

"Baba, milele yenyewe ni hii. Ikiisha tunanunua nyingine."

Wageni walicheka hadi chai ikawapalia. Baba hakucheka. Mtoto alilala na machozi, si kwa fimbo alizopata, bali kwa sababu alikuwa amesema kweli na akachapwa. Kesho yake mama akamwita pembeni, akamkabidhi bisibisi ndogo ya cherehani. "Kama ni lazima ufungue vitu vya watu, mwanangu, usifungulie kisu changu cha jikoni." Jina likaanzia hapo, likamkaa hata uzeeni.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1985 akajiunga na chuo cha ualimu kusomea fizikia. Mwaka uliofuata chuo kililetewa kompyuta yake ya kwanza. Ikafungiwa kwenye chumba cha kioo, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na ufunguo ukawa mfukoni mwa mkuu wa chuo. Wanafunzi waliruhusiwa kuitazama kwa nje. Siku moja kwenye mkutano wa chuo Bisibisi akanyoosha mkono na kuuliza: "Mheshimiwa, hapa tunasomea ualimu wa fizikia au tunasomea ulinzi wa makumbusho?" Alirudishwa nyumbani kwa muda. Aliporudi, hakuomba radhi, na kitambaa kilikuwa palepale. Alipohitimu mwaka 1987 mashine ile ilikuwa imekufa kwa unyevu na vumbi, bila mwanafunzi hata mmoja kuwahi kuigusa. Miaka thelathini baadaye ungemkumbusha habari hiyo, sauti ingempanda kama vile imetokea asubuhi ile.

Mwaka 1988 aliajiriwa kufundisha fizikia katika sekondari ya wasichana ya mji huu, na hapo ndipo alipofundisha mpaka alipostaafu mwaka 2019. Wanafunzi wake mliopo mnajua alivyokuwa. Jibu la kukariri lilimchefua kuliko jibu baya. Aliomba kompyuta zilizotupwa na maofisi, akazipanga juu ya meza za maabara, na kuwaambia wasichana: "Ogopeni umeme, msiogope mashine."

Ndoa yake ilifungwa tarehe 14 Julai 1990. Bwana harusi alikuwa mwokaji mikate, mtu mpole, mwenye unga hadi kwenye nyusi. Wakati wa uchumba alimletea saa ya mkononi. Bisibisi akaifungua papo hapo, juu ya meza ya duka la mikate. Mwokaji akaketi akamtazama, kisha akasema, "Ukiweza kuirudisha, tuoane." Akairudisha. Saa ikaenda, lakini skrubu moja ikabaki mezani.

"Na hiyo je?" akauliza mwokaji.

"Hiyo ilikuwa ya mapambo."

Shemeji yetu alisimulia kisa hicho kwenye kila sherehe, na kila mara Bisibisi alimkatiza: "Saa inaenda au haiendi?" Walijaliwa mtoto mmoja, binti yao anayefundisha hisabati, na waliishi kama watu waliochaguana upya kila asubuhi, mmoja akigombana na dunia, mwingine akimpooza kwa mkate wa moto.

Kuanzia mwaka 2006 Bisibisi alikuwa na kipindi redioni kila Jumamosi asubuhi, "Fungua Tuone". Alizungumzia kompyuta, simu, vifaa vipya na habari za sayansi, na hakuwa na simile. Simu iliyogandishwa kwa gundi ili mwenyewe asiweze kubadili betri aliiita nyumba ya kupanga. Kuhusu nafasi ya kuhifadhi picha alisema: "Wanakuuzia nyumba ya vyumba sita, ukiingia unakuta vinne vina wapangaji wao." Kuhusu kamera za kujisifu kwa tarakimu alisema debe tupu haliachi kuvuma. Habari ikianza na "wanasayansi wamegundua", alifoka: "Wanasayansi gani? Walimpima nani? Walipima watu au panya? Na kama ni panya, basi atibiwe panya!"

Msidhani hakupenda kitu. Kompyuta kuukuu ikibadilishiwa diski na kuongezewa kumbukumbu, ikaamka kama kijana, aliipiga makofi. Siku ilipotoka picha ya kwanza ya shimo jeusi la angani, alisimamisha somo, akawaonyesha wasichana ile pete ya moto yenye ukungu, na hakuiondoa hadi kengele ilipolia. Aliipenda mno sayansi, ndiyo maana hakuweza kuwavumilia walioivaa kama koti la kuibia.

Ndugu waombolezaji, sasa nafika mahali ambapo ndugu wengine walinishauri nipapite kwa kunyata. Sitanyata.

Mwaka 2016 ilianza kuuzwa bangili ya plastiki iliyoitwa Bangili ya Uzima. Waliouza walidai inapima presha na kuishusha kwa mawimbi. Redio ile ile ikachukua tangazo lake, na ikalipanga mara tu baada ya "Fungua Tuone". Bisibisi hakujua. Kipindi kikiisha alivua vifaa vya masikioni na kutoka kwenda sokoni. Mumewe ndiye aliyebaki na redio yake pale kwenye tanuri, akimsikiliza mke wake, na baada ya mke wake akamsikiliza mwizi.

Shemeji yetu alikuwa na presha, na vidonge vilikuwa vimemchosha. Akanunua bangili, akaificha chini ya mkono wa shati la kazi. Kila alipoitazama ilikuwa na taa ya kijani na namba nzuri. Akaacha vidonge.

Asubuhi ya tarehe 5 Novemba 2016 alianguka mbele ya tanuri akiwa ameshika beleshi la mikate. Hospitalini muuguzi alimpima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini alichokiona. Alipopandisha mkono wa shati la mgonjwa akaikuta bangili bado inang'aa kijani. Ilikuwa inasema mtu huyu ni mzima.

"Kwa nini hukuniuliza?" Bisibisi alimwambia, akiwa amemwinamia kitandani.

Mdomo wa mumewe ulikuwa umekwenda upande. Maneno yalitoka moja moja, kama mtu anayepanda ngazi. "Ilikuwa... kipindi chako. Nilidhani... umeshaifungua."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Aliishi mwaka na miezi mitatu baada ya hapo, bila sauti na bila mkono wa kukandia unga, akaaga dunia tarehe 2 Februari 2018.

Bisibisi aliivua bangili ile kwenye mkono wa mumewe, akatoka nayo kwenye korido, akaketi kwenye benchi, akaifungua. Ndani mlikuwa na betri ya saa, kisumaku, kitaa cha kijani, na kidude kimoja kilichopangwa kutoa namba za kupendeza. Hapakuwa na cha kupimia. Hapakuwa na kitu chochote kinachoweza kujua kama kimevaliwa na mtu au kimefungwa kwenye mguu wa kiti. Mimi, mdogo wake, nilikuwa nimeketi kando yake. Nilitegemea apige kelele. Alifunga skrubu zote, moja baada ya nyingine, hakubakisha hata moja, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Jumamosi."

Jumamosi akaingia studio na mkate. Wengi wenu mlisikia. Alisema: "Wasikilizaji, huu ni mkate wa mume wangu, umeokwa na vijana wake, kwa sababu yeye hawezi tena. Naufunga Bangili ya Uzima. Subirini kidogo. Haya. Mia moja na ishirini kwa themanini. Hongereni, mkate una presha ya kijana! Mume wangu naye alikuwa na namba hii hii alipo..."

Hapo wakamkata, wakaweka muziki.

Meneja wa redio alimkuta kwenye ngazi, jasho likimtiririka. "Umetumaliza! Unajua nani analipia umeme wa stesheni hii?"

"Na wewe unajua nani anamlisha mume wangu kwa kijiko?"

"Mama, punguza jazba. Hasira hasara."

"Hasara ni kunyamaza," Bisibisi akamjibu. "Ninyi mlininyamazia, mume wangu akasikia tangazo lenu. Hesabu mwenyewe hasara ni ya nani."

Kipindi kikafutwa. Ikasemwa kwamba ana uchungu wa mume, kwamba amechanganyikiwa, kwamba mwanamke wa umri wake hapaswi kupayuka. Akachukua mkate wake na bangili yake, akaanza kuzunguka. Alisimama kwenye mikutano ya wazazi, milango ya maduka ya dawa, vyumba vya kusubiria vya zahanati. Alipima mikate, viazi, kiatu cha askari. Wanafunzi wake wa zamani wakamrekodi kwa simu, na video ikafika mbali kuliko redio ile ilivyowahi kufika. Mwanasheria wa kampuni alimpigia akitishia mahakama. Bisibisi akamwambia, "Twende. Niletee bangili moja tu inayoweza kumtofautisha mwokaji na mkate, nami nitakuomba radhi nikiwa nimepiga magoti." Mwanasheria hakupiga simu tena. Mwishoni mwa mwaka 2017 mamlaka ya dawa ikaipiga marufuku bangili ile. Mumewe alikuwa bado hai. Bisibisi alimsomea habari hiyo gazetini, naye akamfinya kidole kwa mkono wake mzima.

Ningependa kuwaambia kisa kiliishia hapo. Hakikuishia hapo. Mwaka mmoja baadaye kitu kile kile kilirudi kikiitwa Pete ya Uzima, na redio ile ile ikakitangaza. Dada yangu alianza upya, akiwa na nywele nyeupe na pumzi fupi, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka.

Mwaka 2022 pumzi ile fupi ilipewa jina: moyo wake ulikuwa umepanuka na kulegea. Daktari alipompima kwa mashine ya picha, aliomba skrini igeuzwe upande wake. Akautazama moyo wake ukipiga, akasema, "Pampu imelegea kweli, lakini picha safi jamani, safi sana!" Dawa zake alizimeza kwa saa zake. Waliomkera ni wageni waliomletea ujumbe wa kwenye simu kuhusu mizizi, maji ya uvuguvugu na mawimbi. Wifi yake mmoja, kwa mapenzi tele, alimletea wodini Pete ya Uzima ndani ya kijiboksi chenye utepe. Bisibisi alimshika mkono na kumketisha kitandani. "Wewe sikugombezi. Ulidanganywa. Nipe namba ya aliyekuuzia." Akampigia mtu huyo akiwa na mpira wa oksijeni puani, akamgombeza hadi muuguzi akaja kumwomba awastahi wagonjwa wengine.

Alifariki tarehe 18 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, wadogo wawili, na wasichana aliowafundisha, ambao hesabu yao aliijua yeye peke yake. Redio haimo katika orodha ya wafiwa. Asubuhi hii imeleta shada la maua lililoandikwa "Mtangazaji wetu mpendwa". Binti yake amelisoma, akaliweka nje ya geti, upande wa barabarani, na familia imekubaliana naye. Kama meneja yuko hapa, na nimeambiwa yuko, akalichukue wakati wa kuondoka. Pete ile imetangazwa tena jana jioni.

Wiki moja kabla ya kufa kwake nilimuuliza angependa wasifu wake uandikwe vipi. Alinitazama kama alivyomtazama mwanafunzi aliyekariri. "Usiseme nilikuwa mpole. Na usiniombee amani, mdogo wangu, maana mtanizika nayo na huku juu hali itabaki vilevile. Mniombee mapumziko tu. Moyo wangu umechoka, mimi sijachoka."

Basi, dada, pumzika. Amani tutaidai sisi tuliobaki.