Mikono Iliyokanda Tani Elfu Nne, Kisha Ikajifunza Kukamua Koliflawa

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, zamu ya asubuhi itakapotoka, Mkuu wa Sehemu ya Kukandia atavua aproni yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika kiwanda hiki cha mikate. Kwenye jalada lake ana majina matatu. Sisi tunamjua kwa moja tu: Bi Nusu Saa.

Jina hilo alijipatia mwenyewe. Donge likitoka mashineni hulifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kuliacha nusu saa liumuke, na hakuna bosi, hitilafu ya umeme wala foleni ya wateja iliyowahi kumpunguzia hata dakika moja. Taratibu akaanza kuwapa watu dawa ileile. Umegombana na mwenzako? Subiri nusu saa. Umeandika barua ya kuacha kazi? Subiri nusu saa, kisha njoo unisomee kwa sauti. Ninayeandika haya nimechana barua tatu za aina hiyo mbele ya macho yake, na ya nne aliichana yeye.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na sita, ameajiriwa kufagia. Baada ya miaka miwili mkandaji mmoja aliugua, akaambiwa ashike nafasi hiyo kwa siku tatu. Siku hizo tatu zinaisha Ijumaa hii.

Mimi ni mtunza stoo ya unga, niliyeanza kwa kubeba magunia na kujifunza hesabu kwa kusoma maandishi ya magunia hayohayo, kwa hiyo mniruhusu nihesabu. Mashine hula kilo tisini kwa mzunguko, mizunguko mitano kwa zamu, siku mia mbili na tisini kwa mwaka. Zidisha kwa miaka thelathini na mmoja ya kukanda, miezi minne ya mwisho iwe nyongeza. Tani elfu nne na arobaini na tano zimepita mikononi mwake. Amechelewa kazini mara mbili. Mara ya kwanza barabara ilijaa maji. Mara ya pili mjukuu wake wa kwanza aliamua kuzaliwa alfajiri, na hata siku hiyo bibi mtu aliingia akiomba radhi kwa dakika kumi na mbili, kana kwamba ameunguza tanuri zima.

Wakongwe wanakumbuka meneja aliyekuja na wazo la kupunguza muda wa kuumua, kutoka dakika thelathini hadi kumi na nane, ili mikate iongezeke. Bi Nusu Saa hakubishana. Alifanya kama alivyoagizwa kwa zamu moja kamili, kisha akachukua mkate wa kwanza uliotoka, akaubeba kwa mikono miwili kama tofali na kuuweka juu ya meza ya bosi. Mkate ule ulizuia mlango wa ofisi yake usijifunge kwa wiki nzima. Wiki ya pili dakika thelathini zilirudi, na haikutolewa taarifa yoyote.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sawa, lakini hawakusema pete huchukua muda gani kufika. Kwa miaka kumi na moja Bi Nusu Saa alikuwa Kaimu Mkuu wa Sehemu. Alikaimu chini ya mameneja watano. Kazi zote za mkuu alizifanya, lawama zote za mkuu alizibeba, na kitu pekee alichokosa ni kile anachopewa mkuu aliyethibitishwa: chumba. Ni kile kilicho nyuma ya mashine ya pili, mita mbili kwa tatu, chenye dirisha moja, bomba moja na mlango wenye kitasa. Alipothibitishwa hatimaye, alikifagia mwenyewe, akapachika kalenda, akaweka meza na kiti chenye mto. Alikaa humo miezi saba.

Kwa nini miezi saba tu ndilo jambo ninalotaka lisomwe mbele ya watu, kwa sababu halimo katika jalada lake.

Mwaka huo mke wangu alikuwa anaisha. Alitoka kilo sitini na mbili akafika arobaini na saba. Tuliambiwa ni vidonda vya tumbo, tukaambiwa ni mawazo, jirani mmoja akasema ni jicho la mtu. Mwisho daktari mmoja aliyesikiliza hadi mwisho akapima, akasema tumbo lake halipatani na gluteni, ile protini inayolifanya donge la ngano livutike. Chembe tu inatosha kumuumiza. Nilicheka kwa uchungu. Kila Jumamosi kwa miaka tisa nilikuwa nachukua donge la masalio hapa kazini, tunaoka piza nyumbani, familia nzima mezani. Kumbe nilikuwa namlisha sumu kwa mkono wangu, tena kwa mapenzi.

Ngano ikatoka nyumbani, na Jumamosi yetu ikatoka nayo. Wanangu walipokwenda kula piza kwa shangazi yao, mama yao alibaki akila wali wake jikoni peke yake, akisema hana njaa ya mezani. Na bado alikuwa anaumwa. Miezi minane bila mkate, na kilo hazirudi. Daktari alisema mwili ukiendelea hivyo hatajua la kufanya.

Nilimwambia Bi Nusu Saa siku moja tukipokea mzigo. Nilitegemea aniambie nisubiri nusu saa. Badala yake akaniuliza Jumamosi tunakula saa ngapi.

Yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa apunguze wanga kwa sababu ya sukari, na alikuwa anakula mboga za kuchemsha kama mtu anayetumikia kifungo. Muuza mboga alimwambia kwamba koliflawa ikikwaruzwa inaweza kugeuka kitako cha piza, ule mkate wa chini unaobeba nyanya na jibini. Akaona hapo ndege wawili kwa jiwe moja, mmoja wake na mmoja wa mke wangu. Jumamosi akaja nyumbani na vichwa vinne vya koliflawa kwenye kikapu, akamwita mke wangu "mwanangu", na mimi akanitoa jikoni.

Cha kwanza alikiharibu kwa ufundi wake mwenyewe. Alikanda ile koliflawa, akaongeza maji kidogo kwa mazoea, akaifunika na kuisubiri nusu saa. Ngano ikisubiri huumuka, lakini koliflawa ikisubiri hulia machozi. Tuliokota uji kwenye sinia. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi sikuwa nimesikia kicheko hicho kwa mwaka. Cha pili alikichuja kwa chujio la chai. Kilishikana katikati na kumeguka pembeni, tukakila kwa vijiko.

Jumamosi ya tatu alikuja na kile kitambaa kizito cha kazini, cha kufunikia madonge, amekifua mara saba. Alikamua kwa mikono ile ya tani elfu nne, maji yakatiririka. Kitako kikatoka cha kahawia, kigumu, unakishika kwa mkono mmoja na ncha haiinami. Mke wangu alikaa mezani. Alikula vipande viwili. Mtoto wetu mdogo alimhesabia kila alipouma.

Kesho yake alfajiri mke wangu alianza kutapika, na ikawa hivyo siku tatu.

Bi Nusu Saa alipopata habari alikuja moja kwa moja kutoka zamu. Hakukaa. Aliomba beseni la maji ya moto, akakitumbukiza kile kitambaa, akakisuguasugua. Maji yakafanya ukungu mweupe. Miaka ya unga ilikuwa imelala ndani ya nyuzi, na kufua mara saba hakukuutoa. Ni kosa ambalo mwokaji tu ndiye angelifanya, maana kwetu unga si uchafu.

Kisha akainua macho kwenye mlango wa jikoni, ilipotundikwa sare yangu. Aliiendea, akapiga mfuko mmoja kofi. Unga ukaruka hadi kwenye sufuria. Maneno aliyoyasema nayaandika kama yalivyo: "Baba wee, mwanamume mzima, kila jioni unahamishia stoo ndani ya nyumba, halafu unamuuliza mkeo kwa nini haponi?"

Ndivyo tulivyojua. Mkate ulikwisha kutoka nyumbani, lakini mwokaji alikuwa bado anaingia. Nilikuwa na njia mbili: nipate mahali pa kuoga na kubadili nguo kabla ya kutoka kiwandani, au niache kazi niliyoitumikia miaka kumi na tisa. Niliandika barua nne kwa utawala kuomba chumba cha kubadilia nguo. Tatu hazikujibiwa. Ya nne ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba ombi langu limepokelewa. Nadhani lilikuwa bado linapokelewa mwaka uliofuata.

Barua ya tano ilikuwa ya kuacha kazi, na ndiyo ile aliyoichana yeye. Asubuhi hiyo alitoa kalenda yake ukutani, akakitoa kiti chenye mto, akaiburuta meza hadi kando ya mashine ya pili, na kunitupia ufunguo. Alisema chumba chenye bomba hakimfai mtu anayekaa, kinamfaa mtu anayeoga. Miaka kumi na moja alikisubiri, na sekunde tatu zilitosha kukitoa. Tangu siku hiyo amejaza daftari zake akiwa amekaa juu ya kreti la mikate lililopinduliwa, mashine ikimnguruma sikioni. Sikumsikia akilitaja hilo hata kwa utani.

Jumamosi ya nne kitambaa kilikuwa foronya mpya, haijalaliwa na mtu. Njia yake sasa iko kwenye ubao wa matangazo kwa mwandiko wangu, na naiweka hapa pia. Kwaruza kilo moja ya koliflawa, iwe kama punje za mchele. Ipike kwa mvuke dakika tano, iache ipoe, usije ukajiunguza. Tia kwenye foronya, kamua, pumzika, kamua tena. Kilo moja hutoa maji karibu nusu lita, na kama hujayaona hayo bado hujakamua, umeishika mkono tu. Changanya na yai moja, gramu mia za jibini iliyokwaruzwa, kitunguu saumu na chumvi. Ibonyeze juu ya karatasi ya kuokea, unene wa kidole kidogo cha mtoto, pembeni pazidi kidogo. Oka kwa nyuzi mia mbili na ishirini dakika ishirini, geuza, ongeza saba. Ndipo uweke nyanya na vingine, uirudishe mpaka jibini iyeyuke. Maboga machanga yanafaa pia, ila hayo yana maji mara mbili na maneno mengi. Wala usisubiri nusu saa. Amekubali mwenyewe, ingawa alichukua muda kukubali.

Matokeo: mke wangu juzi alikuwa na kilo sitini na nusu. Sukari ya Bi Nusu Saa imetulia, na daktari wake ameomba nakala ya njia hiyo. Mwaka jana utawala ulijenga chumba cha kubadilia nguo chenye mabomba sita. Tunashukuru kwa dhati. Kimechelewa miaka minne.

Wiki iliyopita alinijia na fomu ya kukabidhi mali, kwa kuwa mtunza stoo ndiye anayeisaini. Aproni mbili: moja amerudisha, nyingine ni ya Ijumaa. Mizani ndogo, amerudisha. Mstari wa saba unasema "ufunguo wa ofisi", na hapo aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: hana. Bi Nusu Saa, mstari huo nimeufuta na kuusaini mwenyewe. Ufunguo nilikuwa nao mimi, na nyumba yangu yote inajua ulifungua nini.

Sherehe itakuwa ukumbi wa juu Ijumaa saa kumi jioni. Ukumbi umefagiwa, umepigwa deki mara mbili, na meza ni za kuazima, hazijawahi kuona unga. Wenzangu, nawaomba jambo moja: ogeni, acheni sare chini, njooni na nguo za nyumbani, na mnawe mikono hadi viwiko. Mke wangu anakuja. Hajakanyaga hapa tangu augue. Ataoka vitako kumi na vinne vya koliflawa, na atakaa mezani na sisi sote, kiti kilicho mkono wa kulia wa Bi Nusu Saa.

Kwa niaba ya zamu zote tatu, asante kwa kila donge, kila karipio, na kila barua uliyotuchanisha. Mikono yako ipumzike, magoti yako yakutii, wajukuu wakuchoshe kwa kiasi. Na Jumamosi usikae kwako peke yako. Mlango wetu unaujua. Utanikuta nimeshaoga, nimeshabadili nguo, na foronya iko tayari.