Ufito wa Profesa Caduff

Behewa letu halikuruhusu kelele, kwa hiyo waligombana kwa kunong'ona, nami nikaacha kusoma nisije nikapitwa. Gazeti langu ndilo lililowachokoza: Uswisi imerudishwa kwenye mfuko wa utafiti wa Ulaya.

"Miaka yote hii wajumbe wetu wako Brussels wanakunywa kahawa tu," alisema mzee mwenye ufito mrefu wa alumini magotini.

"Kahawa yenyewe mbaya, bwana," akajibu mama aliyekaa mbele yake. "Nimeinywa mimi, mmoja wa wajumbe hao."

Mzee alitahayari, ila si kwa muda mrefu. "Naitwa Profesa Caduff, napima barafu ya mlimani. Tulipofungiwa mlango, ombi langu la fedha lilirudishwa."

"Walitufungia kwa ugomvi wa mambo mengine kabisa. Unajua nilivyowabembeleza? Sasa mlango uko wazi, Profesa. Peleka tena."

"Nipeleke la kupima nini, mama? Mwaka mlioanza mazungumzo niliuzamisha ufito huu wote ndani ya barafu. Jana nimeuokota juu ya mwamba mkavu."

"Si kuna barafu nyingine?"

"Ipo. Mkitaka kununiana tena mniambie mapema, niiwahi."

"Jua nalo usinitwishe mimi, bwana!"

Treni ikasimama Bern. Ufito ulikwama mlangoni. Mama akashika ncha moja, mzee nyingine, wakaushusha taratibu, bado wanabishana. Nikajikuta nimevua kofia, kama jeneza linapita.